Vijana Hawaji Ibadani, Nikiwakata Mshahara Wanaondoka

BARUA

Ndugu washauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya bweni inayomilikiwa na kanisa, kidato cha kwanza hadi cha nne. Nina walimu 31, na 19 kati yao hawajatimiza miaka 30. Ni hawa tunaowaita watoto wa elfu mbili. Darasani wengi ni wazuri, hasa wa Fizikia na Hisabati, na sitaki kuwapoteza. Nje ya darasa nimechoka.

Ibada ya walimu ni saa 1:15 asubuhi. Walimu wakongwe wanakuwepo. Vijana wanaingia wimbo wa mwisho ukiimbwa, simu mkononi, au hawaji kabisa. Nimewaonya kwa upole. Nimewaombea waziwazi humo humo ibadani, Bwana awaondolee roho ya uvivu. Mwezi Februari nikaweka faini: asiyekuja anakatwa shilingi 5,000 kwenye mshahara, na fedha inaingia mfuko wa chai ya walimu. Mahudhurio yalipanda kidogo, yakarudi palepale. Juni watatu wakaondoka kwa mkupuo, mmoja wao kwa ujumbe wa WhatsApp usiku wa Jumapili, mtihani wa moko wa kidato cha nne ukiwa mlangoni.

Kwenye vikao kila jambo ni "kwa nini?" Kwa nini zamu za usiku zinawaangukia wao (wanakaa nyumba za shule na hawana familia, ndiyo sababu). Kwa nini prepu, yaani kusimamia masomo ya usiku, haina posho. Nikiwaambia ualimu ni wito, wanatazamana na kutabasamu. Juzi mwalimu wa Kiingereza, binti wa miaka 24, kacheza video ya TikTok na wanafunzi wa kidato cha pili, sare na nembo ya shule vinaonekana. Na wakongwe wanalalamika kwamba shikamoo siku hizi mpaka uidai.

Mwenyekiti wa bodi, ambaye ni mchungaji, ananiambia niwaondoe niajiri wenye hofu ya Mungu. Ananikumbusha Rehoboamu aliyepoteza ufalme kwa kusikiliza vijana. Mshahara wa kuanzia ninaolipa ni 600,000, na kwa huku kwetu si haba. Niwaondoe? Na nisipowaondoa, nawaongozaje bila shule kupoteza sura yake ya kanisa?

Mkuu wa Shule, Kanda ya Ziwa

MAJIBU

Mwalimu, Bwana asifiwe sana.

Usiwaondoe. Ila kabla ya lingine lolote, faini hiyo isimamishe leo, isisubiri mwisho wa muhula. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu mpaka kuwe na sheria nyingine, mkataba wa hali bora kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi unaoruhusu, au mfanyakazi mwenyewe awe amekubali kwa maandishi kulipa deni. Kukosa ibada si deni. Na Katiba, ibara ya 19, imeacha imani na ibada kuwa hiari ya mtu. Mwalimu mmoja akipeleka hati zake za mshahara kwa ofisa kazi, huna utetezi hata wa dakika tano.

Mwambie mhasibu atoe orodha ya makato yote tangu Februari, jina kwa jina. Fedha irudi kwenye mshahara wa mwezi huu, kwa mstari wake peke yake kwenye hati ya mshahara, "marejesho ya makato", ili kila mmoja aione. Mfuko wa chai ukiwa umeshaliwa, shule ifidie. Waliokwisha kuondoka nao walipwe. Kisha andika tangazo fupi: makato yamesitishwa, fedha zimerudishwa, tunaomba radhi. Usiongeze aya ya Biblia wala neno "ila". Tangazo la namna hii likishapata "ila", walimu hawakumbuki kitu kingine.

Tukae kwenye fedha kidogo, kwa sababu umesema 600,000 si haba. Chukua kijana aliyesoma kwa mkopo wa serikali, na wengi wao ndio hao. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 60,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 90,000. Kodi ya mapato kwenye 540,000 inayobaki baada ya NSSF ni 24,000. Anaingia mfukoni na 426,000. Humo kuna ada ya mdogo wake, bando na nauli ya kwenda kwao. Faini nne kwa mwezi ni 20,000, karibu sawa na kodi yote anayoilipa serikali. Mkuu wa shule aliyeanza kazi kabla makato ya mkopo hayajafika asilimia 15 anaona namba ya juu ya hati, kijana anaona ya chini. Ukisema "wito" mbele ya mtu aliyetoka kuisoma ile ya chini, atatabasamu, na si kwa kukudharau.

Sasa ibada yenyewe. Umeandika kwa haraka, lakini tumelirudia mara mbili: unawaombea waziwazi, humo ibadani, waondolewe roho ya uvivu. Mwalimu, hilo ni karipio linalotolewa macho yakiwa yamefumbwa. Aliyekaripiwa hawezi kujibu, kwa kuwa hakuna anayesimama kubishana na sala. Anachoweza kufanya ni kutokuja, au kuja mwishoni. Shule nyingi za kanisa zinaharibu ibada ya walimu kwa njia hii hii: wimbo mmoja, neno la dakika tano, halafu dakika ishirini za matangazo, maazimio ya kazi (mipango ya mada za muhula) yasiyokusanywa, na nani alichelewa zamu. Mtu akiikwepa hiyo hujui amekwepa Neno au amekwepa kusemwa.

Zitenge. Ibada iwe saa 1:15 hadi 1:27: wimbo, somo, neno la dakika tano, sala. Hakuna tangazo, hakuna jina la mtu. Kitabu cha mahudhurio kifunguliwe saa 1:30, na mwalimu awe kazini rasmi kuanzia hapo; anayechelewa 1:30 amechelewa kazi, na hilo lina utaratibu wake wa kawaida usiohusu dini. Ratiba ya kuongoza ibada itoke kwa muhula mzima, walimu wawili kila wiki, mkongwe na kijana, kwa kuombwa na si kupangwa. Kama una mwalimu Muislamu au wa dhehebu lingine, mwambie ana kwa ana kwamba kukaa ofisini muda huo hakumpunguzii kitu. Kusimamia wanafunzi kwenye paredi au kuwapeleka kanisani Jumapili ni kazi, na kuandikwe hivyo kwenye mkataba, kwa saa zake. Kuabudu ni jambo jingine.

Wiki za mwanzo mahudhurio yatashuka. Uende hivyo hivyo, usihesabu watu.

Kuhusu Rehoboamu, tunamheshimu mchungaji, lakini kisa hicho hakimsaidii. Soma tena 1 Wafalme 12. Watu walikuja kuomba kongwa lipunguzwe. Wazee ndio waliomshauri mfalme awatumikie na awajibu kwa maneno mazuri. Rika lake ndilo lililomwambia aongeze uzito na ajisifu kwamba kidole chake kidogo ni kinene kuliko kiuno cha babaye. Na hao "vijana" walikuwa wamekua pamoja naye. Sura ya 14 inasema alikuwa na miaka 41 alipoanza kutawala. Kosa lilikuwa ukali kwa watu waliokuja na malalamiko ya haki. Ukitaka kisa cha kukuongoza, kipo Kutoka 18: Yethro anamkuta Musa amekaa peke yake tangu asubuhi hata jioni akiamua kila shauri, anamwambia utachoka wewe na watu hawa. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Walimu 31 ni wengi kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo zamu na malezi ya walimu wapya vitoke mezani kwako. Zamu kwanza, kwa sababu hapo vijana wana haki kabisa. Kutokuwa na mke au mume si sababu ya kuongezewa kazi. Sheria inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Mwalimu wa zamu anayeamsha bweni saa 11 alfajiri na kufunga prepu saa 4 usiku amekaa saa 17. Weka walimu wawili kwa wiki. Wa kwanza anashika saa 11 alfajiri hadi saa 8 mchana, wa pili saa 7 mchana hadi saa 4 usiku, na ile saa moja ya kukutana ni ya makabidhiano kwenye kitabu cha zamu: wagonjwa, waliotoka kwa ruhusa, maji, chakula. Wa pili vipindi vyake vya asubuhi wiki hiyo abadilishane na mwenzake wa idara. Mwalimu wa taaluma apitishe mabadiliko hayo Alhamisi ya wiki iliyotangulia, la sivyo Jumatatu utakuta madarasa mawili hayana mtu. Ukiwatoa wewe, makamu na wawili watatu wenye sababu za kiafya, unabaki na kama walimu 26. Wawili wawili, zamu inamrudia mtu baada ya wiki 13. Wakongwe watanung'unika. Wape zamu ya kwanza wanaotaka, lakini wasiachwe nje, kwa sababu kijana akiona mwalimu wa miaka 52 naye anakagua jikoni alfajiri, swali la "kwa nini sisi" linakufa lenyewe.

Posho ya prepu ni jambo la bajeti na bodi. Kama haipo, sema haipo, na useme lini italetwa kujadiliwa.

Walezi: chagua watano kutoka kwenye idara, si lazima wawe wazee, wawe tu wanaofundisha vizuri na wasiopeleka maneno. Kila mlezi asiwe na walimu wapya zaidi ya wawili, na umpunguzie vipindi viwili kwa wiki. Ukimwongezea kazi hii bila kumpunguzia nyingine ataifanya mwezi mmoja tu. Mlezi aingie darasani kwa mwalimu mpya wiki ya 2, ya 6 na ya 10, akae dakika 20, kisha wazungumze dakika 10 siku hiyo hiyo. Ataje jambo moja la kurekebisha. Moja tu. Orodha ya mambo nane humfanya kijana asikie kwamba hafai, na wiki ya 6 utayakuta yote nane palepale. Fomu ya ukaguzi ibaki kwa mlezi na mwalimu, isije ofisini kwako, la sivyo mlezi atageuka mpelelezi.

Mwalimu mpya apewe pia, siku ya kwanza, ukurasa mmoja unaosema nani anaombwa ruhusa, azimio la kazi linakusanywa lini, shajara ya somo inajazwa kila baada ya kipindi au kila Ijumaa, na mavazi ni yapi. Tunaposikia "vijana hawajui utaratibu wetu", mara nyingi utaratibu wenyewe uko kichwani mwa makamu.

Vikao vyako vina tatizo ambalo si la umri. Ajenda itoke siku tatu kabla, na kila kipengele kiandikwe kando yake: taarifa, ushauri, au uamuzi. Taarifa ni jambo lililokwisha. Hupokei maoni, unaeleza sababu kwa sentensi mbili. Ushauri ni kwamba unataka kusikia, na utaamua wewe. Uamuzi ni kwamba kikao ndicho kitakachoamua. Hasira inazaliwa pale mkuu anapoomba maoni kwa jambo aliloliamua jana. Penye ushauri, waanze kuzungumza waliokaa muda mfupi zaidi shuleni, wewe umalize. Mkuu akifungua, wengine wote wanabaki kukubaliana naye au kunyamaza, kisha mazungumzo yenyewe yanahamia kwenye kundi la WhatsApp usiku.

Video. Hapa tunakuunga mkono, ila shitaka lako silo. Binti kucheza si hoja. Hoja ni watoto. Sura, sare na nembo vinamwambia mtu yeyote mwenye simu kwamba msichana huyu wa miaka 15 analala wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Mtoto ya 2009 zote zinakugusa wewe kama msimamizi. Mwite leo, mwombe afute, na uhakikishe amefuta pia kwenye stetasi na kwenye simu za wanafunzi waliotumiwa. Halafu andika sera ya ukurasa mmoja: hakuna sura ya mwanafunzi kwenye akaunti binafsi ya mtumishi, akaunti ya shule ipo, ina wasimamizi wawili, na inatumia picha za wanafunzi ambao wazazi wao wamesaini fomu, hakuna mawasiliano ya faragha kati ya mwalimu na mwanafunzi, kundi lolote la masomo liwe na walimu wawili ndani. Sera iwahusu na wakongwe, ambao tunajua wanawatumia wanafunzi ujumbe wa "kumkumbusha tu". Ikishasainiwa, mpe huyo binti awe msimamizi mmoja wa akaunti ya shule. Anaijua kazi hiyo kuliko yeyote ofisini kwako, na wazazi wanaotafuta shule mwezi Desemba wanaangalia huko.

Kama hukuwa na sera wakati anaifanya, usimpe onyo la maandishi kwa video hiyo. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kanuni uliyoitunga baadaye.

Atakayevunja kanuni iliyopo, Mathayo 18 inakwenda sambamba na sheria kuliko watu wanavyodhani: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mbele ya mashahidi wawili au watatu, kisha mbele ya kusanyiko. Kiofisi: mazungumzo ya faragha, ukiandika tarehe na mlichokubaliana, onyo la maandishi lenye kosa, kanuni iliyovunjwa na muda wa kujirekebisha, kisha kikao cha nidhamu. Kwa kikao hicho Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mwalimu apewe tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na mwenyekiti awe mtu asiyehusika na tukio. Wewe uliyemshitaki usiwe mwenyekiti. Shule za kanisa hupotezea mashauri hapa: mkuu analalamika, anaendesha kikao, anaandika barua ya kufukuza, kisha anaifunga kwa sala. Aliyeachishwa ana siku 30 za kulalamika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Shikamoo, anza wewe kuwatafuta kwa "habari za asubuhi, mwalimu" kwa majina yao. Yaliyobaki waachie wakongwe wamalizane nao kwenye chai.

Wale watatu walioondoka Juni hawakuondoka kwa sababu ya ibada peke yake. Ajira za serikali zikitangazwa, mwalimu wa shule binafsi anaomba, na ni haki yake. Mkataba wa mtu anayelipwa kwa mwezi unahitaji notisi isiyopungua siku 28. Aliyeondoka kwa ujumbe wa simu alivunja mkataba, lakini jiulize kama alikuwa na nakala yake. Mpe kila mmoja nakala iliyosainiwa. Mikataba ya muda iishe 31 Desemba, si katikati ya mwaka. Na mwanzoni mwa muhula waambie waziwazi: anayeomba kazi mahali pengine aniambie, sitamnyang'anya vipindi wala kumwandikia barua mbaya. Kisha litimize kwa wa kwanza atakayekuja, kwa sababu vijana wengine 18 watakuwa wanaangalia. Kila somo la kidato cha nne liwe na faili la makabidhiano kwenye idara: azimio la kazi lenye alama mpaka mada iliyofikiwa, matokeo ya majaribio, na maswali yaliyowashinda wanafunzi. Mwalimu mbadala akilikuta, anaanza siku ya pili. Asipolikuta, anarudia mada tatu kwa kubahatisha.

Kwa mwenyekiti wa bodi nenda na karatasi, si malalamiko: orodha ya makato yaliyorudishwa, ratiba mpya ya zamu, sera ya picha, na wiki ambazo Fizikia na Hisabati vilikaa bila mwalimu baada ya Juni. Mwombe mambo mawili, posho ya prepu na vipindi vilivyopunguzwa vya walezi. Na kwa nafasi tatu zilizo wazi, "hofu ya Mungu" isipimwe kwa kuuliza dhehebu la mwalimu wa Hisabati, kwani sheria inakataza ubaguzi wa dini isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai, kama kwa mchungaji wa shule au mwalimu wa Maarifa ya Biblia. Mpe mwombaji darasa la kidato cha tatu kwa dakika 20, umwone anavyomjibu mtoto aliyekosea ubaoni. Halafu mpigie mkuu wake wa zamani, umuulize kama angemchukua tena.